Mashine ya Kufulia Isiyo na Tone la Maji

Assalamu alaikum. Hamjambo nyote.

Wakufunzi wenzangu, walimu wa sekondari msingi na wa shule za upili, mafundi mliofunga vibanda siku ya biashara mkaja hapa Tudor, wazazi wetu na wanafunzi: ahsanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie vifaa vya nyumbani vya kuigiza, na namna tunavyoweza kuvitumia kufundisha elektroniki na uandishi wa programu za mikroprosesa. Naanza na msimamo wangu, ili anayetaka kunipinga ajiandae mapema. Naamini hatuna kifaa cha kufundishia somo hili kinachotufaa kuliko hiki, na naamini tunaweza kukitengeneza wenyewe, hapa hapa Mombasa, kwa plaiwudi na taa. Lakini kina sharti lake. Lazima kiwe tayari kuharibikiwa mbele ya mwanafunzi. Paneli inayomkinga mwanafunzi na makosa yake inamnyima somo.

Wako ambao hawajawahi kuiona paneli ya namna hii, kwa hiyo niieleze. Ni ubao wa plaiwudi ambao mtu mmoja anaubeba kwapani. Mbele pamechorwa mashine ya kufulia: pipa, mlango, valvu ya maji, hita, mota, bomba la kutolea maji machafu. Penye maji pana safu ya taa za LED za buluu. Penye joto pana taa za manjano. Mota ni mota kweli, lakini ni ile ndogo ya kichezeo, na mlango ni swichi tu. Nyuma ya ubao kumefichwa mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, iliyoandikiwa programu ya kujifanya mashine. Mwanafunzi anakuja na mikrokontrola yake, anachomeka nyaya kwenye soketi za pembeni, na kuanzia hapo yeye ndiye mwenye amri. Akiwasha pini ya valvu, taa za buluu zinapanda moja moja. Asipoizima kwa wakati zinafika juu kabisa, buza inalia, na taa nyekundu inamwambia kwamba sakafu imelowa. Hakuna kilichomwagika, na volti zilizopo ni 5 tu. Hata hivyo ameona kwa macho yake amri yake ilichofanya.

Kuna swali ninalolisikia kila ninapolileta jambo hili: mbona tusinunue mashine za mtumba tukawafungulia wanafunzi wajionee? Nalijibu kwa heshima, kwa sababu wanaouliza mara nyingi ni mafundi waliojifunza kwa njia hiyo hiyo.

Stima ya Kenya ni volti 240, na kilele cha wimbi lake kinakaribia 340. Darasa la vijana wanaoshika nyaya kwa mara ya kwanza si mahali pa volti hizo. Mikrowevu ni hatari zaidi: ndani yake mna transfoma inayopandisha umeme hadi maelfu ya volti, na kapasita inayoweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Inaweza kumuua mtu hata ikiwa haijaunganishwa na chochote ukutani. Kisha tufikirie muda. Mashine ya kweli inaweza kuchukua saa moja na nusu kumaliza nguo, na kipindi kizima hakifiki hapo. Mwanafunzi ataijaribu programu yake mara moja, ikatae, na kengele ilie. Kwenye paneli tunaamua wenyewe mwendo wa saa. Mimi hupenda dakika moja ya kweli iwe sekunde moja ya paneli, hivyo dakika 90 za kufua zinakwisha kwa sekunde 90, na kijana anakosea na kurekebisha mpaka ashibe. Halafu mashine ya kweli imekwisha kuandikiwa programu na kiwanda. Ukiifungua unaona bodi nyeusi iliyomwagiwa gundi. Unaweza kuitazama ikifanya kazi, lakini huwezi kuiamuru.

Sasa niingie darasani, na nianze na kifaa tunachokijua sote: tangi la maji na pampu yake.

Nani hapa hana tangi? Maji ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, Tiwi, na yanafika siku yanapofika. Kwa hiyo nyumba nyingi zina tangi la chini la kupokelea na tangi la juu la kutumia, na pampu katikati. Mtoto wa Kisauni au wa Likoni ambaye hajawahi kuona mashine ya kufulia ikizunguka anaijua pampu hiyo kwa mlio wake, na anajua hasira ya nyumbani inapoachwa ikavuta hewa hadi ikaungua. Somo la kwanza nalitoa hapo.

Paneli ya tangi ina floti mbili, yaani swichi zinazoinuliwa na maji, ya juu na ya chini, na tokeo moja, pampu. Nawaambia wanafunzi waandike kwenye karatasi, kompyuta zikiwa bado zimefunikwa, kila hali inayowezekana. Floti zote mbili zimelowa: tangi limejaa, zima pampu. Zote kavu: tangi tupu, washa. Mpaka hapo kila mtu anacheka kwa wepesi wake. Kisha wanafika kwenye hali ya tatu, ya chini imelowa na ya juu ni kavu, yaani maji yako katikati. Pampu iwashwe au izimwe?

Darasa linagawanyika. Kundi moja linasema iwashwe, kwa kuwa tangi halijajaa. Jingine linasema izimwe, kwa kuwa maji yapo. Nawaacha wabishane, kisha kila kundi liandike programu yake na kuijaribu. Wanaosema iwashwe wanagundua kwamba pampu inawaka na kuzimika bila kukoma pale juu, maana maji yakishuka kidogo tu chini ya floti, pampu inaruka tena. Na ile paneli nimeifundisha kuyumbisha maji kama yanavyoyumba tangini. Wanaosema izimwe wanaona jambo hilo hilo likitokea chini, na tangi lao halijai hata siku moja. Hapo ndipo mmoja wao, na siku zote hutokea mmoja, husema: inategemea yalikuwa yanapanda au yanashuka.

Jamani, sentensi hiyo ndiyo lango la somo zima. Kijana amegundua mwenyewe kwamba kuangalia viingizo vya sasa hakutoshi, kwamba mashine lazima ikumbuke ilikotoka. Vitabu vinalifikia jambo hili kwa kurasa za milango ya mantiki na flipiflopi, saketi zinazokumbuka, na wengi wanakariri bila kujua linafaa nini. Yeye amelifikia kwa tangi la nyumbani kwao. Baada ya hapo, nikichora duara la hali na mishale ya kutoka hali moja kwenda nyingine, simfundishi kitu kigeni, nampa namna ya kuandika alichokwisha kukijua.

Bado kuna hali ya nne: floti ya chini kavu, ya juu imelowa. Wanafunzi huikata kwa kalamu, wanasema haiwezekani maji yakae juu bila kuwa chini. Maji hayawezi, lakini waya unaweza. Waya wa floti ya chini ukikatika, au floti ikikwama kwa uchafu, mikrokontrola itapokea habari hiyo hiyo isiyowezekana, na programu isiyo na jibu la hali ya nne itafanya lolote. Nyuma ya paneli nimeweka kiswichi cha kukata waya huo. Nakibonyeza nikipita, bila kusema neno. Wanafunzi wasioshughulikia hali hiyo wanaona pampu yao ikienda mpaka paa lilowe. Wiki inayofuata hakuna anayesahau kuuliza: na waya ukikatika je?

Nimekaa sana kwenye tangi, najua, lakini sijutii. Mwalimu akiwa na muda wa kutengeneza paneli moja tu, atengeneze hiyo.

Friji nitaipitia upesi. Mnazijua friji gadi, vile vidude tunavyochomeka ukutani kabla ya friji kwa sababu stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Kompresa ikisimama, shinikizo la gesi pande zake mbili halilingani. Ukiiwasha papo hapo mota inasukuma mzigo isioweza kuusogeza, inavuta mkondo mkubwa na kupata moto. Kwa hiyo inasubiriwa dakika tatu au zaidi. Somo lililofichwa humo ni hili: stima inaporudi, mikrokontrola haijui ilizimwa kwa muda gani, kwani kumbukumbu yake ya kazi imefutika. Inaweza kuwa ilizimwa usiku kucha, inaweza kuwa ni kupepesa jicho. Programu sahihi inachukulia hali mbaya zaidi na kusubiri. Paneli ina swichi iliyoandikwa STIMA, na wanafunzi huicheza kwa furaha kubwa kuliko nyingine zote. Mwanafunzi anayesahau kusubiri anaona taa ya kompresa ikigeuka nyekundu na kufa mpaka aite mwalimu aje kuifufua.

Kwenye friji hiyo ndipo naingiza pia sensa ya joto, LM35, inayotoa milivolti 10 kwa kila digrii. Arduino Uno, bodi ya mikrokontrola tunayoitumia, inagawa volti 5 katika ngazi 1024, kila ngazi kama milivolti 4.9, yaani karibu nusu digrii. Wanafunzi wakishapiga hesabu hiyo wenyewe, hawaulizi tena kwa nini namba kwenye kioo zinarukaruka.

Sasa mashine ya kufulia. Wengi wa wanafunzi wetu hawana mashine nyumbani, na niliwahi kuambiwa na mwenzangu kwamba mfano huu ni wa kitajiri, hauwafai. Mimi naona kinyume. Mwulize msichana yeyote, na siku hizi wavulana wa hosteli pia, namna anavyofua. Atakwambia: naloweka, natia sabuni, nafikicha, namwaga maji, nasuuza mara mbili, nakamua, naanika. Mwambie aongeze anajuaje kwamba maji yametosha, anajuaje kwamba sabuni imetoka, na anafanya nini mfereji ukikauka katikati ya kusuuza. Amekwisha kukueleza hali, masharti ya kuhama hali moja hadi nyingine, na hitilafu. Anachobakisha ni kuyaandika kwa lugha ya mashine. Ujuzi uko mikononi mwake tangu utotoni, na darasa letu lina wajibu wa kuuheshimu.

Mfereji ukikauka: hilo hasa. Programu ya kwanza ya karibu kila mwanafunzi husema, fungua valvu, subiri mpaka maji yajae, endelea. Kwenye paneli ninafunga mfereji. Programu inasubiri. Inasubiri milele, na wakati huo haisikii kitufe cha kusimamisha wala haioni mlango. Hapo tunazungumza juu ya kikomo cha kusubiri, na juu ya amri ya delay ambayo kila anayeanza Arduino huipenda. Amri hiyo inaisimamisha programu kabisa. Ukiiambia isubiri sekunde 10 wakati mota inazunguka, kwa sekunde hizo 10 mtoto anaweza kufungua mlango na mashine haina habari. Tunaiacha. Tunajifunza kutazama saa ya ndani na kuuliza, muda umetimia? na kama haujatimia, kuendelea kukagua mengine. Kwangu, mwanafunzi aliyeacha kutegemea delay amevuka mto.

Na kuhusu mlango, naomba nitue hapa.

Kati ya 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya kutibu saratani kwa mnururisho, Therac-25, iliwapiga wagonjwa 6 kipimo kikubwa mno cha mnururisho. Baadhi yao walikufa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya saketi: hata programu ikikosea, umeme wenyewe ulikatika. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yao ikaachiwa programu. Programu ilikuwa na kasoro. Moja ya kasoro hizo ilitokana na namba ya baiti moja iliyokuwa ikiongezwa moja kila mzunguko. Baiti ikifika 255, ukiongeza moja inarudi sifuri, na sifuri kwa programu ile ilikuwa na maana ya kwamba hakuna haja ya kukagua. Mara moja katika kila mara 256, ukaguzi ulirukwa.

Wanafunzi wangu wanakisikia kisa hiki siku wanapofika kwenye mlango wa mashine ya kufulia. Pipa la mashine ya nyumbani linapokamua huweza kuzunguka zaidi ya mara 1000 kwa dakika. Mkono ukiingia haurudi ulivyokuwa. Kwanza wanaulinda mlango kwa programu. Natafuta njia ya kuishinda programu yao, na kwa kawaida naipata. Kisha wanahamisha waya mmoja, ili mkondo wa koili ya rilei ya mota, yaani swichi ya sumaku inayoiwasha mota, upite ndani ya swichi ya mlango. Sasa mlango ukifunguliwa mota inasimama, programu ikitaka isitake. Nataka wakiondoka kwangu wajue kwamba mambo ya uhai hayaachiwi msimbo peke yake, na wajue kwa sababu waliona programu yao ikishindwa.

Nimeitaja rilei. Elektroniki yenyewe inaingia kwa njia hiyo, kwa kulazimika. Pini ya Uno haipaswi kubebeshwa zaidi ya miliampea 20 hivi. Koili ya rilei ndogo ya volti 5 inataka kama 70. Mwanafunzi anayetaka mota yake izunguke hawezi kukwepa transista, inayouwezesha mkondo mdogo wa pini kuamuru mkubwa, na akishaikubali transista lazima apige hesabu ya risista ya kwenye besi: nikitaka miliampea 7 hivi ziingie, volti 5 kutoa 0.7 zinazobaki kwenye transista, gawanya, napata kama omu 600, nachukua 560. Daiodi ya kinyumenyume juu ya koili, inayomeza mshtuko wa umeme koili inapozimwa, naiacha wasiiweke kwanza, kwenye rilei ya majaribio ambayo hatuionei huruma, wakaona transista inavyokufa. Sheria ya Omu iliyokuwa namba ubaoni inakuwa kitu kinachomzuia kufua nguo.

Vitufe navyo vina somo lake. Chuma kikigusana na chuma kinadundadunda kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na mikrokontrola inayopiga hatua milioni 16 kwa sekunde inahesabu kila mdundo. Kijana anabonyeza mara moja, mashine inaruka kutoka kuloweka hadi kukamua. Hapa pwani tuna tatizo la ziada: chumvi ya hewani. Swichi na viunganishi vya shaba vinashika kutu ya kijani, na kitufe kilichokuwa kizuri mwaka jana mwaka huu kinakataa. Kwa anayetaka kutengeneza paneli, ushauri wangu ni tumieni viunganishi vya skrubu, lehemuni nyaya vizuri, pakeni vanishi upande wa nyuma, na msiziache paneli wazi dirishani kunakovuma upepo wa bahari.

Kwa wale wa mwaka wa mwisho naongeza stima kupotea katikati ya kufua. Ikirudi, mashine ifanye nini? Wanaambiana waweke kumbukumbu kwenye EEPROM, isiyofutika. Vyema. Mmoja anaandika hatua yake kila sekunde. Namwomba asome karatasi ya kiwanda: kila chumba cha EEPROM hiyo kimedhaminiwa maandishi 100,000. Kwa kila sekunde moja, ni chini ya saa 28. Angeua mashine ya mteja kabla ya siku mbili za kufua mfululizo kwisha. Akiandika pale tu hali inapobadilika, tuseme mara 10 kwa kila ufuaji, anapata mafuo 10,000, ambayo ni zaidi ya miaka 27 kwa anayefua kila siku. Programu inafanya kazi ile ile machoni pa mtazamaji. Tofauti ni kwamba mwandishi wa pili ameifikiria mashine hata baada ya kuiuza.

Labda mtaniuliza, nani atazitengeneza paneli hizi? Jibu langu ndilo ninalolitaka zaidi lichukuliwe leo: wanafunzi wakubwa wawatengenezee wadogo. Kuandika programu ya kudhibiti mashine ni kazi moja. Kuandika programu ya kuwa mashine ni kazi nyingine, na ngumu zaidi, kwa sababu inadai fizikia. Taa za joto zipande kwa kasi gani? Mwanafunzi lazima apige hesabu. Lita 10 za maji ya tangi la juu, ambayo kwetu hayana baridi, tuseme digrii 28, yapelekwe 40. Lita 10 kwa digrii 12 kwa 4.2, ni kama kilojuli 504. Hita ya kilowati 2 itachukua sekunde 252, zaidi kidogo ya dakika 4. Kwa saa ya paneli ni sekunde 4 na kidogo. Akimaliza hapo, amefanya fizikia ya mtihani bila kuambiwa ni mtihani, na ametengeneza kifaa ambacho darasa la chini yake litakitumia kwa miaka.

Kuhusu viigizo vya saketi vya kwenye kioo cha kompyuta, kama Wokwi na Tinkercad, mimi ni mpenzi wavyo. Kijana asiye na bodi nyumbani anaweza kuandika na kujaribu saketi yake kwa simu au kompyuta ya kuazima, na nawapa kazi za nyumbani huko. Ila kwenye kioo waya hauachii, lehemu haipasuki, betri haichoki mota inapoanza. Mwanafunzi aliyelelewa kwenye kioo peke yake anaitilia shaka programu yake tu, wakati kwa fundi nusu ya kazi ni kuutilia shaka waya. Vitumike viwili kwa pamoja, lakini mtihani ufanyiwe kwenye plaiwudi.

Na wale wanaoona kwamba friji na mashine za kufulia ni mambo ya jikoni yasiyostahili chuo, wakumbuke kwamba mikroprosesa ya Intel 4004, ya mwaka 1971, ilibuniwa kwa ajili ya kikokotozi cha mezani cha kampuni ya Busicom ya Japani. Mikrokontrola nyingi za dunia leo hazimo kwenye kompyuta. Zimo kwenye mashine za kufulia, mikrowevu, mita za tokeni na viyoyozi. Chuo jirani yetu hapa Tudor, tunachokiita leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kikiitwa MIOME, yaani Mombasa Institute of Muslim Education, kilikuwa cha kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki ufundi wa kazi zilizokuwepo. Kazi zilizopo sasa zimo ndani ya bodi.

Hapa nawageukia mafundi. Nyinyi mnajua kubadilisha beringi, kujaza gesi, kufunga mota upya, na mnafanya vizuri kuliko sisi wa vyuoni. Lakini mteja akileta mashine isiyowaka, mara nyingi anaambiwa bodi imekufa, atafute nyingine, na nyingine haipatikani au bei yake inakaribia ya mashine mpya. Bodi nyingi za namna hiyo hazijafa. Ni rilei iliyoungua viguso, ni kapasita iliyovimba, ni sensa ya mlango isiyojibu, na programu iko ndani nzima inasubiri mlango ufungwe. Aliyewahi kuandika programu ya kusubiri mlango atajua mahali pa kuweka multimita. Ndiyo maana nawaomba muwapokee wanafunzi hawa wakimaliza paneli zote, kwa sababu paneli ina mwisho wake. Haina harufu ya waya unaoungua, haina uzito wa pipa, haina volti 240 za kumfundisha adabu ya mikono. Hayo watayapata kwenu, mashine ikiwa imechomolewa na nyinyi mkisimama karibu, lakini watafika wakiwa tayari wanaielewa mashine inawaza nini.

Walimu, ombi langu kwenu ni dogo na linawezekana muhula huu. Kila taasisi itengeneze paneli ya aina moja tu, kwa idadi inayolitosha darasa lake, kisha tubadilishane: wa Kisauni wakimaliza tangi walipeleke Changamwe, wa Changamwe walete friji Tudor. Michoro na programu za paneli nitawapa bila malipo, na mkizibadilisha nirudishieni mlichobadilisha. Bei ya mashine moja mpya ya kufulia inatosha kununua plaiwudi, taa, rilei na mikrokontrola za darasa zima, na fundi seremala yeyote wa Majengo atawakatia mbao kwa asubuhi moja.

Paneli tatu ziko kwenye ile meza ndefu. Ya tangi ina hitilafu niliyoitia makusudi na sijaiandika popote. Si ya waya wa floti, hiyo nimekwisha kuwatajia. Kaeni wawili wawili, fundi mmoja na mwanafunzi mmoja. Multimita zimo kwenye boksi jekundu. Maswali tutayajibu hapo hapo mezani, mikono ikiwa kazini.